Ripoti ya Shimo la Tatu

Wanafunzi walimwita Bi Mwiko kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuachana na mwiko wake wa kuchimbia, kile chuma chenye ncha alichokinunua akiwa bado mwanafunzi. Kilikuwa kimelika kwa miaka ishirini na sita hadi kikabaki na upana wa vidole viwili, na kilikaa mkobani mwake hata siku ya harusi ya binti yake. Ya pili, kwake karibu kila kitu kilikuwa mwiko. Mwiko kukanyaga ukingo wa shimo. Mwiko kula karibu na vigae. Mwiko kuokota kitu kabla hakijapimwa na kuchorwa.

"Kikitoka ardhini bila kuandikwa," alikuwa akisema, "umekiua mara ya pili."

Tabia moja tu hakujikataza: kulipa darasa mgongo. Alifundisha akiolojia akitazama ubao, akichora tabaka za udongo kwa chaki za rangi huku akiongea na ukuta, kana kwamba ukuta ndio utakaofanya mtihani.

Ndivyo alivyokuwa akifundisha siku msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alipoinuka kitini, akaenda mpaka mbele na kumgusa bega. Msichana akasema, kwa sauti nzito kidogo ya mtu asiyejisikia anapoongea, "Samahani, Mwalimu. Ukigeuka, somo linazimika."

Alikuwa kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio akiwa na miaka saba, ikamwachia maneno aliyokwisha kuyajua. Alisoma midomo, na nyumbani alizungumza kwa alama na kaka yake. Wenzake walimpachika jina la Kigingi, kwa kuwa alikaa kiti kile kile cha mbele na hakuna aliyeweza kumng'oa. Jina halikumuudhi. "Bila kigingi utafunga wapi uzi wa kupimia?" aliwajibu.

Mwanzoni Bi Mwiko aliona amedharauliwa mbele ya watoto. Akalala na hasira, akaamka nayo, na ilipofika wiki ya pili akajikuta anachora kwanza, anageuka, ndipo anaongea. Kabla ya mwaka kwisha aligundua kwamba hata wale wa viti vya nyuma, waliokuwa na masikio yao mawili, walikuwa wameanza kumwelewa.

Hapo ndipo sifa ilipomnogea. Chuo kilichapisha bango kubwa na kulitundika langoni: Kigingi ameshika mwiko, anacheka, na chini yake maneno, HISTORIA NI YA WOTE. Bi Mwiko akawa anaalikwa kwenye mikutano kueleza jinsi fani yake inavyoweza kuwafungulia mlango watu waliozoea kuchungulia dirishani. Alieleza vizuri, na watu walimpigia makofi. Lugha ya alama hakujifunza. Alikusudia. Kila likizo ilipokaribia, alikusudia tena.

Katika mwaka wa pili kulikuwa na mafunzo ya uwandani, wiki sita za kuchimba, na bila hayo hakuna shahada. Idara iliomba mkalimani. Jibu lilikuja kwamba suala linashughulikiwa, na kila mtu aliyewahi kufanya kazi ofisini anajua maana ya jibu hilo. Basi kaka yake Kigingi, fundi wa kuchomea vyuma, akafunga karakana yake siku moja, akaja kuwafundisha wanafunzi alama kumi na mbili: simama, toka, maji, hatari, na nyingine. Kigingi mwenyewe akaongeza ya kumi na tatu.

"Mkiona mimi sioni, nirushieni kibonge cha udongo," alisema. "Kibonge, si jiwe. Nawajua nyinyi."

Wakacheka, na kwa wiki mbili mambo yakaenda sawa. Kigingi alipangiwa shimo la tatu pamoja na kijana mrefu aliyeitwa Mlingoti. Shimo lao ndilo lililokuwa na bahati. Kwenye kimo cha kiuno walikuta sakafu ya zamani ya udongo uliopigwapigwa, na chini yake tabaka nyeusi ya majivu. Bi Mwiko akataka waendelee kushuka, kwa sababu Ijumaa walikuwa wanakuja wageni wa chuo pamoja na wafadhili, naye alitaka wauone msingi uliokuwa chini ya majivu yale.

Jumanne, baada ya mvua ya siku mbili, msimamizi wa vibarua alimfuata. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, amechimba na kila mwalimu aliyepita pale, na kwa jinsi alivyopenda kuamrisha wote walimwita Kamanda.

"Mwalimu, kile kifusi cha shimo la tatu kimekaa vibaya," alisema. "Kiko ukingoni mno, halafu kimelowa. Na kuta zinataka mbao."

"Mbao si zimetumika kwenye jukwaa la wageni?"

"Ndiyo. Lakini mgeni anaweza kusimama chini, Mwalimu. Hatavunjika."

Bi Mwiko alicheka. "Ijumaa ikipita tutakisogeza, Kamanda. Siku tatu tu."

Kamanda akaangalia viatu vyake. "Wewe ndiye mwenye kazi," alisema.

Jumatano, saa nne na robo asubuhi, ukuta wa magharibi ulishuka. Kamanda aliuona ukianza. Akapiga ukelele, "Tokeni! Tokeni!" Akaokota kibonge, lakini hakuwahi hata kukirusha. Udongo uliingia shimoni kwa mara moja, pamoja na kifusi chote juu yake. Mlingoti akafukiwa hadi mapajani. Kigingi, aliyekuwa amechuchumaa chini ya ukuta akisafisha majivu kwa brashi, hakuonekana.

Walichimba kwa mikono. Hakuna aliyethubutu kutumia chuma. Bi Mwiko alichimba akiwa amepiga magoti, kucha zikivunjika, huku midomo yake ikisema maneno ambayo baadaye hakuyakumbuka. Walipoufikia uso, Kigingi alikuwa anapumua, kwa kuwa alikuwa ameweka mkono mbele ya pua. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika sehemu mbili, na nyonga imepasuka.

Baada ya siku sita Mkuu wa Idara alimwita Bi Mwiko ofisini. Mkuu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Idara ile ilikuwa imenusurika kufungwa mara mbili, na mara zote mbili ni yeye aliyekwenda kupiga magoti huko juu. Alimmiminia chai, akamsogezea karatasi.

Ilikuwa ripoti ya ukurasa mmoja. Mahali pa sababu paliandikwa: *Onyo lilitolewa kwa sauti. Mwanafunzi hakuweza kulisikia.* Mahali pa mapendekezo: wanafunzi wenye matatizo ya kusikia, kuona au kutembea wasipelekwe kwenye uchimbaji, wapangiwe kozi ya makumbusho badala yake.

"Hatumlaumu msichana," alisema Mkuu. "Na hakuna uongo hapo. Kamanda alipiga kelele?"

"Alipiga."

"Msichana alisikia?"

"Hakusikia."

"Basi." Akakoroga chai yake. "Dada yangu, tukiandika neno uzembe, mafunzo ya uwandani yanafungwa kesho. Watoto thelathini na mmoja hawahitimu. Na jina la kwanza litakalotajwa ni lako. Nani atafaidika?"

Bi Mwiko aliisoma karatasi mara ya pili. Alitafuta sentensi ya uongo ili apate pa kushikia, asiione. Akatia saini.

Nyumbani, mume wake alimngojea mezani. Mume wake alikuwa msimamizi wa ujenzi, miaka thelathini ya kuchimba misingi ya majengo ya watu. Siku zote sita alikuwa hajauliza chochote. Sasa aliweka kijiko chini.

"Kile kifusi," alisema, "kilikuwa umbali gani kutoka ukingoni?"

"Wa kawaida."

"Kawaida ni mita moja na nusu, mke wangu. Kilikuwa mita moja na nusu?"

"Nimechoka, baba watoto."

Alimaliza kula, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu waoane. Bi Mwiko, akisikiliza maji yakimwagika jikoni, aliona heri angegombezwa.

Siku iliyofuata alikwenda hospitali. Kaka yake Kigingi alikuwa kando ya kitanda, ovaroli lake lina matobo ya cheche. Alimpokea kwa mikono miwili, akainama.

"Mama, asante," alisema. "Wameniambia ulichimba kwa mikono yako. Sisi hatuna cha kukulipa. Mungu ndiye anayejua."

Bi Mwiko alisema si kitu. Vidole vyake, vilivyofungwa plasta, vilikuwa bado ndani ya viganja vya yule fundi, na hakuweza kuvichomoa.

Kigingi alikuwa amelala, mguu umening'inizwa. Alimtazama mwalimu wake midomoni, kama kawaida yake.

"Ripoti imesema nini?" aliuliza.

"Bado inaandikwa."

"Na daftari langu?"

"Liko salama. Tulikusanya yote, yamo kabatini ofisini kwangu."

"Mchoro wa asubuhi ile sikuumaliza," alisema Kigingi. "Uangalie tu, usinipe maksi."

Bi Mwiko aliuangalia jioni ile ile. Ulikuwa ukurasa wa mwisho, umepakwa tope pembeni. Ukuta wa magharibi ulichorwa kwa penseli kama alivyowafundisha, kila tabaka na rangi yake, kila jiwe mahali pake. Na kwa kuwa alikuwa amewaambia wachore *kila kitu*, Kigingi alikuwa amechora pia kifusi kilichokuwa juu, akapima, akaandika: *Kifusi, sm 35 kutoka ukingoni.* Chini ya hapo kulikuwa na mstari mwembamba uliopinda, ukishuka kutoka juu ya ukuta hadi kwenye majivu. Pembeni yake: *Ufa. Jana haukuwepo. Kumuuliza Mwalimu.*

Akakumbuka. Saa tatu na kitu asubuhi ile, yeye akiwa kwenye simu anaelekeza madereva wa wageni barabara ya kupita, Kigingi alikuwa amesimama shimoni akiinua mkono. Bi Mwiko alikuwa amemwonyesha kiganja: subiri. Kisha akageuka ili asikie simu vizuri. Alipomaliza kuongea alikwenda kulitazama jukwaa.

Alilirudisha daftari kabatini, akafunga kwa ufunguo. Kwa wiki tatu hakulifungua. Alifundisha, akasahihisha, akahudhuria vikao. Wenzake walimpa pole na kumwambia amepungua mwili. Usiku alilala, lakini usingizi wenyewe ulikuwa wa mang'amung'amu, na asubuhi alikuta amekunja ngumi.

Kisha pendekezo likawa kanuni, na kanuni ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ilikuwa saa ya chakula, wanafunzi wamejaa ukumbini. Bi Mwiko alipopita alimwona kijana wa mwaka wa kwanza, aliyetembea kwa gongo kwa sababu ya mguu uliopooza tangu utotoni, amesimama peke yake mbele ya karatasi ile. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipomwona mwalimu alijaribu kutabasamu.

"Mwalimu, nilikuja hapa kwa sababu ya lile bango la langoni," alisema. "Sasa sijui, nihamie wapi?"

Alilisema bila hasira, kama mtu anayeuliza njia. Bi Mwiko alifungua mdomo, na maneno yote mazuri aliyoyazoea kwenye mikutano hayakuja hata moja. Akamwambia, "Usihame. Nipe wiki moja." Akaenda moja kwa moja ofisini, akafungua kabati.

Mkuu wa Idara aliutazama mchoro kwa muda mrefu. "Nani mwingine ameuona?"

"Mimi na wewe."

"Basi unaweza kubaki hivyo."

"Ndiyo," alisema Bi Mwiko. "Umebaki hivyo kwa wiki tatu. Nimejaribu, Mkuu. Sikuweza."

"Utajiangusha mwenyewe na utatuangusha sisi. Mwenye kujichoma hasaidiwi kupuliza."

"Najua."

Kamati ya chuo ilikaa Alhamisi, watu saba na meza ndefu yenye chupa za maji. Bi Mwiko alisimama, akaomba kufuta saini yake.

"Ripoti ile haina neno la uongo," alisema. "Nilitia saini maneno ya kweli ili ukweli wenyewe usionekane. Kifusi kilikuwa sentimita thelathini na tano kutoka ukingoni. Msimamizi wa vibarua alinionya, nikamwambia Ijumaa. Mbao za kuegemezea kuta nilizipeleka kwenye jukwaa. Mwanafunzi aliuona ufa na akaniita. Nilimwambia asubiri."

Mjumbe mmoja, mwanasheria wa chuo, alikohoa. "Hata hivyo, Mwalimu, angekuwa anasikia angeweza kutoka."

Hapo Mlingoti, aliyeitwa kama shahidi na kukaa karibu na mlango magoti yakiwa juu kama panzi, alinyoosha mkono, akaanza kuongea kabla hajaruhusiwa.

"Mimi nasikia, mzee. Masikio yangu haya mawili hayana ugonjwa. Nilimsikia Kamanda vizuri kabisa. Nikageuka kumtazama kuna nini, udongo ukanikuta hapo hapo. Nilisikia na bado nikafukiwa. Mbona kanuni haijasema watu warefu wasichimbe?"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mwanasheria akaandika kitu.

Uamuzi ulitoka baada ya siku kumi. Kanuni ilifutwa. Ikaandikwa nyingine: hakuna shimo kupita kimo cha kiuno bila mbao, na hakuna mafunzo ya uwandani kuanza kabla mkalimani hajapatikana, pale anapohitajika. Mafunzo ya mwaka ule yalisimamishwa, kama Mkuu alivyosema, na wanafunzi thelathini na mmoja wakahitimu kwa kuchelewa mwaka mzima. Wengine walimlaumu Bi Mwiko waziwazi, wakampita ukumbini bila salamu. Yeye alizuiwa kuongoza uchimbaji kwa miaka mitatu. Mkuu wa Idara alibaki kwenye kiti chake. Bango lilishushwa langoni, na hakuna aliyesema ni nani aliyeagiza lishushwe.

Mume wake aliposikia uamuzi alimshika mkono, akakaa naye kibarazani mpaka chai ikapoa. Huo ndio msaada aliokuwa nao.

Kaka yake Kigingi alimfuata chuoni. Alimkuta kwenye ngazi za jengo la idara, wanafunzi wakipanda na kushuka. Safari hii hakuinama.

"Siku ile hospitali ulikuwa umeshatia saini?" aliuliza.

"Nilikuwa nimeshatia."

"Nilikushika mikono nikakushukuru. Mbele ya mdogo wangu. Na ukapokea."

"Nilipokea."

Taya za yule fundi zilikuwa zinatembea. "Sikuja kukutukana, Mama. Umri wako ni wa mama yangu. Nimekuja kuzichukua shukrani zangu. Nirudishie."

Bi Mwiko hakujua mtu hurudishaje kitu kama hicho. Alisema, "Chukua, mwanangu. Hazikuwa zangu." Fundi akatikisa kichwa kama aliyepokea mzigo pungufu, akashuka ngazi.

Kigingi alimaliza mafunzo yake msimu uliofuata, chini ya mwalimu mwingine, pamoja na Kamanda na mkalimani wa kike aliyelalamika kila siku juu ya jua. Mguu haukunyooka tena sawasawa. Alichimba akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, na Kamanda alieleza baadaye kwamba shimo lake ndilo lililokuwa na kuta safi kuliko yote, na kwamba kifusi alikuwa anakipima mwenyewe kila asubuhi, akisumbua watu.

Fomu yake ya mwisho ilihitaji saini ya mwalimu aliyemfundisha darasani, na huyo alikuwa Bi Mwiko. Alikuja saa tano asubuhi, akagonga mlango uliokuwa wazi, akaweka fomu mezani. Hawakuwa wameonana uso kwa uso tangu hospitali. Bi Mwiko alikuwa ameanza darasa la lugha ya alama, mara mbili kwa wiki, na watoto wa shule wenye vidole vyepesi kuliko vyake. Alijaribu kumsalimu kwa mikono. Aliikosea alama ya salamu.

Kigingi hakuicheka wala hakuirekebisha. Alivuta kiti, akakaa, akaweka gongo lake la kutembelea sakafuni.

"Nina swali moja," alisema. "Halafu tia saini, niende."

"Uliza."

"Siku ile, ulipotia saini ya kwanza. Ulikuwa unafikiri nini?"

Bi Mwiko alikuwa na majibu. Watoto thelathini na mmoja. Idara. Miaka ishirini na sita. Yote yalikuwa ya kweli, kama ripoti ile ilivyokuwa ya kweli. Akainamisha kichwa, akaongea na fomu iliyokuwa mezani.

"Nilifikiri hutajua."

Alipoinua macho, Kigingi alikuwa ameegemea mbele, uso wake umekazana.

"Ulikuwa umeinama," alisema. "Sikuona. Rudia."

Bi Mwiko akanyanyua uso. Akamtazama machoni, akahakikisha mwanga wa dirishani unaangukia midomo yake, akalitamka kila neno polepole, kwa ukamilifu wake.

"Nilifikiri hutajua."

Kigingi alilisoma. Alikaa nalo kidogo, kama anavyokaa mtu na mchoro kabla hajakubali kwamba ndivyo ulivyo. Kisha akaisogeza fomu mbele, akaweka kidole mahali pa saini.